Chuo ni cha Nani?

Neno chuo ni la zamani kuliko majengo tunayoyaita vyuo. Wahenga wa pwani hii walipotaja chuo aghalabu walikusudia kitabu, na ndiyo maana hadi leo mtu aliyebobea katika elimu tunamwita mwanachuoni. Baadaye neno likahamia mahali kitabu kinaposomewa: mtoto wa Konde, au wa Tumbe, au wa Micheweni, akiambiwa aende chuoni alijua ni kwenda kukaa mkekani mbele ya maalimu, na juzuu yake kifuani. Mwishowe neno hilo hilo likapanda ghorofani, likavikwa joho, likawa jina la mahali panapotolewa shahada. Katika safari yote hiyo limebeba swali moja ambalo halikupata kujibiwa sawasawa. Kitabu kina mwenyewe, aliyekinunua au aliyekirithi. Je, kilichomo ndani ya kitabu kina mwenyewe? Na nyumba iliyojengwa ili kilichomo kitabuni kipite kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwengine, hiyo ni ya nani?

Swali hili si la kupitishia wakati. Tarehe 5 Julai 2023 yalitiwa saini Zanzibar mapatano baina ya upande wa India na Serikali ya Mapinduzi, na mwezi wa Oktoba mwaka huo wanafunzi wa mwanzo wakaanza kusoma Bweleo, Unguja, katika tawi la Taasisi ya Teknolojia ya India ya Madras. Taasisi za jamii hiyo ni fahari kubwa ya India, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mojawapo kufungua mlango nje ya mipaka ya nchi yao. Mkuu wake wa mwanzo, Profesa Preeti Aghalayam, ndiye mwanamke wa kwanza kuongoza taasisi yoyote miongoni mwa hizo. Huku Konde, ambako mtu akitaka kufika Bweleo hana budi kuvuka bahari, habari ilipokewa kwa namna mbili. Wako waliosema: tumebahatika, elimu imetufuata mlangoni. Na wako waliosema: chuo ni cha Wahindi, sisi tumetoa kiwanja tu. Nimezisikia kauli zote mbili katika baraza moja, na kwa maoni yangu zimejengwa juu ya dhana moja, kwamba chuo lazima kiwe na mwenyewe, naye ama ni aliyekileta ama ni aliyekipokea. Dhana hiyo ndiyo ninayotaka tuitazame.

Kabla ya Bweleo palikuwa na Nairobi, na kisa cha Nairobi kinastahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa wengi wetu tunakitaja chuo kikuu cha huko bila ya kujua kwamba mmoja katika mizizi yake ni chuo cha Wahindi.

Mwezi wa Mei 1893 kijana wa miaka 23, wakili ambaye kwao India kazi ilikuwa haijamkubali, alipita pwani yetu akielekea Afrika ya Kusini. Jina lake Mohandas Gandhi. Meli yake ilitia nanga Lamu, kisha Mombasa, kisha Unguja, na hapo akakaa wiki na zaidi akingoja meli nyengine. Katika kitabu cha maisha yake anaeleza kwamba alipanga chumba mjini, akatembea huku na huko, akastaajabia ukubwa wa miti na wa matunda. Miti ilimshangaza, juu ya watu wetu hakuwa na mengi ya kusema. Miaka 55 baadaye, tarehe 30 Januari 1948, aliuawa Delhi, na Wahindi wa Afrika Mashariki wakataka kumwekea ukumbusho. Wangeweza kujenga hekalu au mnara. Wao wakaunda jumuiya, wakachanga fedha, wakakusudia kujenga Nairobi chuo cha elimu ya juu kwa jina lake.

Yafaa tukumbuke Kenya ya wakati huo ilivyokuwa. Skuli zilikuwa za namna tatu, za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, na kila namna ilikuwa na fungu lake la fedha, walimu wake na dari yake. Mtoto wa Kiafrika alijua tangu siku ya mwanzo kwamba dari yake ndiyo iliyo chini kuliko zote. Katika hali kama ile, jamii iliyo katikati, isiyo na cheo cha Mzungu wala idadi ya Mwafrika, ina kila sababu ya kujijengea ngome. Chuo cha Gandhi kingeweza kuwa ngome hiyo. Fedha ilikuwa yao, marehemu alikuwa wao, na watoto waliokosa nafasi walikuwa wao.

Wakati huo huo serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wake. Mwaka 1951 Chuo cha Kifalme cha Ufundi cha Nairobi kilipewa hati ya kuanzishwa, nacho kilikusudiwa kupokea wanafunzi wa kila asili kutoka Afrika Mashariki yote. Majengo mawili yakawa yanatazamiwa katika mji mmoja kwa kazi moja. Mwezi wa Aprili 1954 jumuiya ya ukumbusho wa Gandhi ikakubali kuunganisha chuo chake na kile cha serikali. Chuo kikafungua mlango Aprili 1956, na mwaka huo huo Dokta Radhakrishnan, Makamo wa Rais wa India, naye mwenyewe ni mwanafalsafa, akaja kulizindua sanamu la Gandhi katika viwanja vyake. Mwaka 1961 kikaitwa Chuo cha Kifalme cha Nairobi. Mwaka 1964 kikawa Chuo Kikuu Kishiriki ndani ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Dar es Salaam. Na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi. Katika majina yote hayo la Gandhi halimo. Limebaki kwenye sehemu ya majengo na kwenye maktaba, ambayo ilifanyiwa ukarabati kwa msaada wa India na kufunguliwa upya mwaka 2021.

Hapa ndipo penye fumbo. Wale waliochanga walipata walichokitaka au walikipoteza? Mwenye kuhesabu kwa majina atasema walikipoteza. Mwenye kuhesabu kwa watoto atasema walipata zaidi, kwa kuwa mtoto wa Kihindi aliingia, na wa Kiluo akaingia, na wa Kisomali, na wa pwani. Mimi sitaki kuwapaka watu wale mafuta ya utakatifu. Chuo cha jamii moja ndogo, kisicho na hati ya dola, kingetoa shahada ya kutambuliwa na nani? Bila ya shaka walipiga hesabu. Na serikali nayo ilipiga hesabu, maana fedha ya wafanyabiashara si kitu cha kukataliwa. Lakini hesabu na wema mara nyingi hulala chumba kimoja, na sioni kwa nini kuwepo kwa moja kuwe ni ushahidi wa kutokuwepo kwa jengine. Mkarafuu hauulizi aliyeupanda alipanda kwa nia gani.

Na kwa kuwa nimeutaja mkarafuu, siwezi kuendelea kama kwamba mimi si mtu wa Pemba.

Huku kwetu kumbukumbu ya Mhindi ni kumbukumbu ya mizani. Dhoruba ya mwaka 1872 ilipoing'oa mikarafuu ya Unguja, ya Pemba kwa sehemu kubwa ilisalimika, na tangu hapo kisiwa hiki kikawa ndicho ghala. Lakini mwenye shamba hakuwa na fedha za kulilimia wala za kuwalipa wachumaji, na mwenye fedha alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi. Karafuu zikauzwa zingali mtini. Shamba likawekwa rehani. Deni la baba likarithiwa na mwana kabla ya mti. Serikali ilipounda chama cha wakulima wa karafuu mwaka 1934, na mwaka 1937 ikakipa nguvu juu ya ununuzi, wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, na India yenyewe, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ikasusia karafuu zetu hadi yalipopatikana maafikiano mwezi wa Mei 1938. Mzee wa Konde aliyehadithiwa hayo na babu yake ana haki ya kuuliza: fedha zilizojenga vyuo zilitoka wapi? Kama riba imetoka kwenye jasho langu, kisha ikarudi kwa jina la sadaka, nishukuru au nidai?

Ni hoja nzito, na wanaoipuuza kwa kusema "hayo ni ya zamani" hawajawahi kuweka shamba rehani. Hata hivyo ukiifuata mpaka mwisho haimfikishi mdai kwenye chuo. Inamfikisha kwenye deni, na deni lina njia zake za kudaiwa. Mtoto anayesoma chini ya paa lililojengwa kwa fedha yenye dosari hakuitia yeye dosari hiyo, na kumtoa darasani hakumrudishii babu yake mkarafuu hata mmoja. Nitakwenda mbali zaidi: ikiwa fedha ile ilitoka kwetu, basi hiyo ni sababu ya kuingia chuoni kifua mbele. Si sababu ya kusimama nje na kununa.

Iko na hoja ya pili, nayo inamhusu Gandhi mwenyewe. Katika miaka yake ya mwanzo Afrika ya Kusini aliandika juu ya Waafrika kwa dharau, na maandishi hayo yapo. Huko Accra, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Ghana walitoa malalamiko mwaka 2016, miezi michache tu baada ya sanamu lake kusimamishwa, na mwezi wa Disemba 2018 likaondolewa. Sioni kwamba walikosea. Sanamu ni salamu, na hakuna anayelazimishwa kumwamkia aliyemtukana. Lakini sanamu na chuo ni vitu viwili. La kwanza linatazama nyuma kwa aliyekufa, na la pili linatazama mbele kwa asiyejulikana. Wachangaji wa Nairobi walitaka vyote viwili, na zamani imewapambanulia kipi kinabeba uzito.

Watu wa visiwa hivi tuna chombo cha fikra kinachofaa kwa jambo hili kuliko vingi tunavyoazima, nacho ni wakfu. Zanzibar imekuwa na kamisheni ya wakfu tangu mwaka 1905, na kabla ya hapo mashamba ya mikarafuu yalikwisha kuwekwa wakfu kwa misikiti, visima na vyuo. Kanuni yake ni ya ajabu ukiifikiri. Mali ikishawekwa wakfu hutoka katika milki ya mtoaji, wala haiingii katika milki ya mpokeaji. Haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Mwenye kula matunda yake si mwenye mti. Kinachobaki mkononi mwa mtoaji ni kitu kimoja tu, sharti lake. Na mafakihi walilitukuza sharti hilo hata wakaliweka karibu na daraja ya matini ya sharia.

Tukiitumia kanuni hii kuitazama Nairobi, mengi yanakaa mahali pake. Jumuiya ile iliitoa mali, lakini kabla ya kuitoa ilikaa kitako ikaandika masharti. Chuo cha serikali kilikuwa kimeelekezwa kwenye ufundi, na walichokusudia wao tangu mwanzo kilikuwa sanaa, sayansi na biashara, mambo ambayo mtoto hufunzwa akitarajiwa kuongoza, siyo kutumwa tu. Kulipigania hilo kulikuwa na maana kuliko kupigania kibao cha mlangoni. Nadhani kila mtoaji huwa na masharti ya namna mbili, lile linalofunga na lile linalofungua. "Kiitwe kwa jina langu" linafunga kidogo. "Waingie watu wangu peke yao" linafunga sana. "Pasomeshwe kila elimu" linafungua. Mtoaji mwenye busara hulegeza mawili ya mwanzo ili apate la tatu.

Majirani zetu wa Chukwani wametuonesha sura nyengine. Chuo cha ualimu kilichoanzishwa huko mwaka 1998 kwa fedha za wafadhili wa Kuwait kilibadilishwa jina baada ya kufariki kwa Dokta Abdulrahman Al-Sumait mwaka 2013, kikaitwa kwa jina lake. Huko jina lilikuja mwisho, baada ya kazi. Sina ugomvi na mpango huo.

Na tusijifanye kwamba sisi daima ni wapokeaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilipojengwa Mombasa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu, Sultani wa Zanzibar, Sayyid Khalifa bin Haroub, alikuwa miongoni mwa waliotoa, pamoja na Aga Khan na Mabohora. Ilianzishwa kwa ajili ya vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wajifunze ufundi. Leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, tangu mwaka 2013 kina hati kamili, na kinapokea yeyote. Hakuna Mzanzibari ninayemjua anayekwenda Mombasa kudai kipande cha jengo. Kwa nini basi twadhani mwengine akitoa hapa lazima aje kudai?

Yako na yaliyochukuliwa bila ya kutolewa, na haya sitayapita kimya. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 skuli za jumuiya zilitiwa mkononi mwa Serikali, na tarehe 23 Septemba mwaka huo Rais Karume akatangaza elimu bila ya malipo. Milango iliyokuwa na bawabu ikafunguka, na wako wazee huku kaskazini ya Pemba ambao bila ya tangazo lile wasingelijua hata kuandika majina yao. Lakini waliojenga hawakuulizwa, na wengi wao wakaondoka. Ninaamini kwamba mtoto alifanyiwa haki na mjenzi akafanyiwa dhulma kwa kitendo kimoja, na sijaona hoja ya kuifuta ama haki ile ama dhulma ile. Nairobi ilikuwa na bahati ya kuyapata kwa maafikiano yale ambayo sisi tuliyapata kwa amri.

India yenyewe inayajua yote mawili. Taasisi ya kwanza ya teknolojia, ile ya Kharagpur, ilianza mwaka 1951 katika jengo la Hijli, ambalo Waingereza walilitumia kuwafungia wapigania uhuru, na ambamo mwaka 1931 walinzi waliwafyatulia risasi wafungwa wasio na silaha wakawaua wawili. Jengo la jela likawa darasa. Na ile ya Madras, mama wa hii ya Bweleo, ilifunguliwa mwaka 1959 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, uliokuja pamoja na walimu na vyombo vya maabara. Kwa hivyo anayetuletea leo alipelekewa jana. Hakumrudishia Mjerumani vyombo vyake. Alipokea, akasoma, akazidi, kisha akavuka bahari na sehemu ya alichokipata.

Ndipo ninapoona kwamba dhana ya baraza letu haitoshi. Chuo kikiwa cha aliyekileta, mwanafunzi atabaki mgeni hata akifikia kusomesha humo. Kikiwa cha mwenye kiwanja, basi aliyekileta amepumbazika. Kikiwa cha mwanafunzi aliyemo, huyo ataondoka baada ya miaka minne, na wenye nyumba hawaondoki hivyo. Anayebaki ni yule ambaye hajafika: asiyezaliwa bado, au aliyezaliwa na hajajua kama pana mahali pa namna hiyo. Kila mwengine ni mtunzaji, kama msimamizi wa wakfu alivyo mtunzaji, na aweza kulaumiwa kama msimamizi alavyo lawama akila mali.

Kauli hiyo ni tamu kuiandika, basi tuipime kwa Bweleo. Ada iliyotangazwa kwa shahada ya kwanza ilipofunguliwa mwaka 2023 ilikuwa dola 12,000 kwa mwaka. Kwa dola moja kuwa shilingi 2,500 hivi, kama ilivyokuwa wakati ule, hizo ni shilingi milioni 30. Tuseme karafuu ya daraja la kwanza inanunuliwa shilingi 14,000 kwa kilo: zitahitajika tani mbili na zaidi za karafuu kavu kwa mwanafunzi mmoja, mwaka mmoja. Msomaji wa Konde hahitaji kuelezwa tani mbili za karafuu kavu ni mashamba ya watu wangapi, na mikarafuu yenyewe haizai sawa kila msimu. Aliyepata udhamini ataingia, na tumwombee. Lakini penye bei kama hiyo tuseme ukweli kwamba, mpaka hapa, jambo hili linakaribia biashara kuliko wakfu. Biashara si haramu. Ila muuzaji asidai shukrani ya mtoa sadaka, na mnunuzi asinung'unike kwamba hakufanyiwa huruma. Waliosema barazani kwamba tumetoa kiwanja tu walikuwa wamekaribia jambo la kweli wasilimalize: mwenye kiwanja naye ni mtoaji, na kila mtoaji ana sharti.

Wachangaji wa Nairobi waliandika lao kabla ya kuta kupanda. Na sisi tungali na wasaa, maana chuo ni kichanga na makubaliano ya dola hupitiwa upya. Jina libaki la Madras, halitudhuru. Walimu watoke watakakotoka. Lau ningeulizwa mimi, sharti ningeliandika hivi: kwamba kila mwaka wanafunzi wa Bweleo wanaokaribia kumaliza walete muhula mmoja Pemba, wawasomeshe hesabu watoto wa kidato cha tatu na cha nne katika skuli za Konde, Micheweni na Wete, na kwamba katika kila darasa jipya viti kadhaa viwekwe bila ya ada kwa watakaofaulu miongoni mwa watoto hao, na idadi ya viti hivyo iandikwe kwa tarakimu ndani ya hati yenyewe, isiachwe kwenye hotuba.